Simu, baraza, makala au kikundi: kipindi cha kero cha redio jamii kiendeshwe vipi?

Kamati ya vipindi ya redio jamii haigombani sana kuhusu muziki wala salamu. Inagombana kuhusu ile saa moja ya kero: maji, zahanati, bei ya mazao, mpaka wa shamba na malisho. Mmoja anataka laini zifunguliwe, watu waseme. Mwingine anataka gari litoke, redio iende kijijini. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mhariri na ndiye atakayeitwa malalamiko yakija, anataka kila neno lirekodiwe kwanza. Na hakosekani aliyerudi semina juzi akiwa na habari za vikundi vya wasikilizaji.

Wote wana hoja. Shida ni kwamba mara nyingi uamuzi hufuata vifaa vilivyopo au ufadhili uliopatikana, huku swali la nani hasa asikike likibaki nyuma. Kabla ya kulinganisha, tuelewane njia zenyewe.

Simu za studio: mtangazaji, mgeni mmoja au wawili, na wasikilizaji wanaopiga, kutuma meseji au sauti za WhatsApp, yote mubashara.

Baraza la hadhara: redio inakwenda kwenye kijiji au mtaa, watu wanakaa chini ya mti au nje ya ofisi ya kijiji, viongozi wanaulizwa papo hapo. Hurushwa moja kwa moja kama mtandao wa simu unaruhusu, au hurekodiwa.

Makala ya kurekodi: mwandishi anazifuata sauti moja moja, anampelekea mhusika hoja ajibu, anahariri, kinatoka kipindi cha nusu saa au pungufu.

Kikundi cha wasikilizaji: watu kumi na tano au ishirini wanasikiliza pamoja, wanajadili, kisha swali au azimio lao linaingia kipindi kijacho. Hii si mpya kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu milioni 2 Tanzania katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania, vikiwa na vijitabu na viongozi waliopewa mafunzo, na vikundi hivyo vikatoka kwenye mjadala vikaenda kuchimba vyoo.

Vigezo

Nimechagua vitano: nani anasikika, nani anajibu, gharama na kazi, hatari, na kinachobaki kipindi kikiisha. Havilingani uzito. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyofanya kipindi kiwe cha jamii. Vitatu vinavyofuata huamua kama kitadumu.

Ili tusizungumze hewani, chukua kisa kimoja cha kufikirika. Kijiji kina kisima chenye pampu ya sola. Ndoo ya lita 20 inalipiwa shilingi 50. Pampu imesimama miezi miwili. Chombo cha watumia maji kinasema fedha za kununua nyingine hazitoshi. Watu wanasema fedha zimeliwa. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, una ofisi wilayani, mbali na hapo.

Nani anasikika

Simu za studio humpa sauti mwenye simu yenye chaji, mwenye salio na mwenye mazoea ya kusema. Katika miji midogo mingi huyo ni mwanamume wa dukani, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu. Baada ya miezi mitatu mtangazaji anawajua wote kwa majina na anawaita "mdau wetu". Hakuna ubaya, ila kipindi kinakuwa baraza la watu thelathini lenye wasikilizaji wengi. Jipime: kwa wiki nne andika kwenye daftari kila mpigaji ni mwanamume au mwanamke na yuko kijiji gani. Daftari hilo litamaliza mabishano mengi kwenye kamati.

Kwenye kisa chetu, mama anayefuata maji mtoni hatapiga saa tatu asubuhi. Yuko njiani, na simu ya nyumba anayo mumewe. Zipo dawa za kupunguza tatizo: laini ya kubipu ambayo redio ndiyo inayompigia msikilizaji, dakika ishirini za kwanza kutengwa kwa wanawake peke yao, na kuhamisha saa ya kipindi. Saa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Redio inayohudumia wavuvi wa dagaa ijue kwamba hao hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na hupumzika mbalamwezi. Kipindi cha kero zao kikipangwa bila kuangalia mwezi, watakaosikika ni wachuuzi tu. Kwa upande mwingine, simu ina jambo moja ambalo njia nyingine hazina kirahisi: mtu anasema bila kuonekana uso.

Baraza huwafikia wasio na simu, hilo halina ubishi. Lakini kuwapo si kusema. Tazama namna watu wanavyokaa: wazee na wajumbe kwenye viti mbele, vijana wamesimama pembeni wakiegemea pikipiki, wanawake nyuma kwenye mikeka na watoto mapajani. Kipaza sauti kikianzia mbele, muda utaisha kabla hakijafika kwenye mkeka. Mtangazaji mzoefu huanzia nyuma, hushika kipaza sauti mwenyewe bila kumkabidhi mtu, na huuliza jambo lililotokea badala ya maoni. "Shikamoo mama. Leo maji umeyapata wapi?" Atakwambia ametoka alfajiri, amerudi watoto wameshaondoka kwenda shule bila kunawa uso. Ukimuuliza "Mna maoni gani kuhusu huduma ya maji?" atasema huduma si mbaya, tunaishukuru serikali, basi.

Katika makala anayesikika ni yule mwandishi aliyemfuata. Hapo ndipo nguvu na udhaifu vinapokutana. Anaweza kukaa jikoni na mtu ambaye hangethubutu kusimama barazani. Anaweza kumrekodi bibi asiyejua Kiswahili, sauti yake ikatangulia kidogo kisha ikafuata tafsiri. Kwa Tanzania hili lina maana, kwa sababu kanuni za utangazaji zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine kwa kibali. Bibi wa Simanjiro anayesema Kimaasai tu, kwenye simu za mubashara hana pa kuingilia. Kenya hali ni nyingine: redio ya Mang'elete kule Kibwezi, iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake, hutangaza kwa Kikamba, na tatizo hilo halipo. Udhaifu wa makala ni uvivu wa kibinadamu. Mwandishi asiye na nauli huishia kwenye nyumba zilizo kando ya barabara.

Kikundi humpa mwoga ngao. Swali linatoka kama la kikundi, halina jina la mtu. Kikundi cha wanawake peke yao kitasema mambo ambayo baraza zima halitayasikia mwaka mzima. Kule Kivu Kusini, Kongo, vilabu vya wasikilizaji vya Dimitra, vilivyosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, viligawiwa redio za sola na za kuzungusha kwa mkono, na wanawake wa vijijini wakawa wanajadili wao kwa wao kabla ya kupeleka hoja hewani. Kasoro: hata ukiwa na vikundi vinane, hao ni watu wachache, na katibu anayejua kuandika huweza kugeuza swali la wenzake likawa lake.

Nani anajibu

Kipindi cha kero kisicho na wa kujibu kinachosha mapema. Wiki za kwanza watu hufurahi kusikia shida zao redioni. Baadaye wanauliza, sasa?

Kwenye simu za studio kila kitu kinategemea mgeni kufika. Diwani ana vikao. Mtumishi wa halmashauri mara nyingi hatasema redioni bila ruhusa ya mkurugenzi, kwa hiyo barua itangulie angalau wiki moja, na itaje mada. Barua ya "tunakualika kwenye kipindi chetu" huzaa mgeni asiye na takwimu hata moja. Wapo watangazaji wanaopenda kumpigia afisa hewani bila kumwarifu. Masikioni inavutia. Inafanya kazi mara moja, baada ya hapo namba ya redio haipokelewi tena, na kituo kidogo kinachoishi wilaya moja na maafisa hao hakina pa kukimbilia. Akifika mgeni aliyejiandaa, studio ni mahali pazuri kwa maswali ya utaratibu: fomu inapatikana wapi, tarehe ya mwisho lini, mbolea ya ruzuku inagawiwa kituo gani. Kwa maswali ya fedha zimekwenda wapi, "tunalifanyia kazi" inampita mtangazaji kwa urahisi.

Barazani haipiti kirahisi hivyo. Mwenyekiti wa chombo cha maji akisema fundi aliitwa mwezi uliopita, fundi mwenyewe yuko pale, ameegemea mti, na watu watamgeukia. Hakuna studio inayoweza kuleta hilo. Sheria nayo inasaidia: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Baraza la redio halichukui nafasi ya mkutano huo na lisijifanye. Lakini mtangazaji anaweza kuuliza mkutano wa mwisho ulikuwa lini, na mapato na matumizi yalisomwa au hayakusomwa. Swali fupi, na kila aliyekaa pale anajua jibu. Tahadhari yake ni hotuba: mheshimiwa akipewa kipaza sauti kwanza, atazungumza robo saa kuhusu barabara. Sema Kenya, mdahalo uliosaidiwa na BBC Media Action kuanzia mwaka 2012, ulizunguka kaunti mbalimbali ukiwaweka viongozi mbele ya wananchi, na muundo wake ulifaa kwa sababu wananchi ndio waliouliza na viongozi wakabaki wa kujibu. Ule ulikuwa mradi wenye mfuko. Redio jamii haina mfuko huo, ila kanuni ya nani anaanza kusema haigharimu kitu.

Makala ndiyo yanayozaa jibu zito zaidi kwa jambo la hesabu. Rudi kisimani. Mwandishi anawauliza wachotaji na mhudumu wa kisima ni ndoo ngapi zilichotwa kwa siku kabla pampu haijasimama. Tuseme ni 400. Kwa shilingi 50 hiyo ni 20,000 kwa siku. Kwa miezi sita ya siku 180 ni 3,600,000. Anakwenda na hesabu hiyo kwa mweka hazina, anaomba daftari la makusanyo, anauliza bei ya pampu dukani wilayani, anampelekea meneja wa RUWASA maswali kwa maandishi. Inawezekana kabisa ikaonekana fedha hazikuliwa: zilinunua betri mbili na kumlipa mlinzi. Au ikaonekana vingine. Kwenye simu za mubashara hesabu hii haifanyiki. Kinachofanyika ni mpigaji kusema "wamekula" na mwingine kusema "si kweli". Ubaya wa makala ni kwamba mhusika anaweza kuikalia barua yako hadi siku ya kipindi ipite. Mpe tarehe, na tarehe ikipita sema hewani ulimwandikia lini.

Kwa vikundi, jibu huchelewa. Swali linatoka wiki hii, jibu linarekodiwa wiki ijayo, kikundi kinalisikia wiki ya tatu. Anayetaka moto hataipenda njia hii. Ila kikundi kina sifa adimu: hurudi na swali la nyongeza, kwa sababu kilikaa kikachambua jibu la kwanza.

Gharama na kazi

Hapa simu inaongoza kwa wepesi. Watu wawili, simu ya mkononi iliyounganishwa kwenye mikisa kwa waya, na mtu wa tatu wa kupokea simu kama yupo. Ndiyo maana ratiba zimejaa simu.

Baraza linakula mafuta, jenereta au betri, fundi mitambo, na siku nzima ya watu wanne. Msimu wa masika barabara za vijijini zina neno lao la mwisho. Vifuniko vya sifongo vya vipaza sauti ni bei ndogo lakini bila hivyo upepo utafuta nusu ya kazi. Na mapema kabisa amua kuhusu posho, maana ukilipa waliohudhuria kijiji cha kwanza umeshaweka bei ya vijiji vyote.

Makala yanagharimu muda. Siku tatu au nne za mwandishi kwa nusu saa ya kurusha ni nyingi kwa kituo kinachotegemea vijana wa kujitolea ambao kesho wanaweza kupata kazi Mwanza wakaondoka na ujuzi wao. Kikundi ni rahisi kuanzisha na kigumu kukitunza: redio, betri, mwezeshaji, na mtu wa kukitembelea. Mradi ukiisha, vingi hulala.

Hatari

Mpigaji akimwita mtu mwizi kwa jina, aliyetangaza ni kituo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni za maudhui za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, zinamtazama mwenye leseni. Kenya somo lilikuwa la damu: baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilitaja baadhi ya redio za lugha za makabila kuwa zilichangia kueneza chuki, na simu za mubashara zilikuwa sehemu ya lawama hizo. Kama huna kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde kadhaa, basi awepo mtu wa kupokea kwanza nje ya hewa: jina, mahali, hoja yako ni nini. Mtangazaji peke yake na laini wazi, mada ikiwa ardhi, ni hatari ambayo singeikubali.

Barazani hatari humwangukia msemaji. Gari la redio linaondoka saa kumi. Yeye anabaki na mwenyekiti aliyemuumbua. Ikiwa mada ni ya kumtaja mtu, kurekodi kunatoa nafasi ya kuondoa jina la mnyonge kabla ya kurusha, ingawa wote waliokuwapo wameshamsikia. Migogoro ya wakulima na wafugaji sipeleki barazani wakati kidonda kibichi, watu wakiwa wamekuja na fimbo na mapanga yao ya kila siku.

Makala yana hatari ya mkasi: "mmekata maneno yangu." Tunza rekodi nzima, isiyohaririwa. Vikundi viko salama zaidi, isipokuwa karibu na uchaguzi, pale kikundi kinapoanza kuvaa rangi za chama.

Kinachobaki

Simu hupotea na saa yake, labda mtu aandike ahadi zilizotolewa. Baraza huacha mashahidi mia. Makala huacha faili linaloweza kurushwa tena, na kupelekwa kwa mkurugenzi. Kikundi huacha watu waliozoea kukaa na kuuliza, hata redio ikizimika.

Kwa hali yako

Kama kituo ni kipya, wafanyakazi watatu, na unataka watu wazoee kwamba redio hii ni yao, anza na simu, ila kwa mada za huduma na utaratibu. Weka daftari la wapigaji tangu siku ya kwanza. Kura ya kubipu, namba moja ya ndiyo na nyingine ya hapana, itakuletea wasio na salio.

Kama kero ni ya kijiji kimoja, wahusika wote wanaishi hapo na hakuna aliyeshika silaha, baraza litakupa kitu ambacho hutakipata kwingine. Redio zilizozaliwa katika mashirika yenye mazoea ya mikutano na michezo ya kuigiza vijijini, kama Pangani FM ya shirika la UZIKWASA, zina urithi wa kufanya hivyo. Wewe usiye nao anza na vijiji vya karibu, baraza moja kwa mwezi.

Kama jambo ni fedha, zabuni, mipaka ya ardhi au mtoto aliyedhulumiwa, rekodi. Kwa mtoto hakuna mjadala: hakuna simu, hakuna baraza, hakuna jina.

Kama daftari limeonyesha wanawake hawapigi, au eneo lako lina watu wa lugha nyingine, au wafugaji wanaohama, vikundi vina nafasi yake, hata viwili tu kwa kuanzia. Chagua ambavyo tayari vipo kwa shughuli nyingine, kama vikoba, ili visife ufadhili ukikatika.

Na kama una nguvu ya kuchanganya, mchanganyiko unaolipa mapema ni huu: makala ya dakika saba yafungue saa, yakiwa na hesabu ya ndoo na sauti ya yule mama wa mtoni, kisha laini zifunguliwe mgeni akiwa ameshayasikia. Wapigaji watajadili daftari la makusanyo badala ya kutupiana majina, na mgeni atajua kabisa anaulizwa nini. Kipindi cha uchaguzi kikianza, funga simu za mada za siasa, gawa muda sawa kwa wagombea kwa saa ya ukutani, na uendelee na maji.